Diwani Aliyetembea na Mama

Mama alipokuja kuishi nami Fort Worth, alikataa kungojea gari langu. Zahanati ilikuwa karibu, naye alikuwa amezoea kuizunguka Mombasa kwa miguu. Lakini barabara yetu haikuwa na njia ya waendao kwa miguu. Siku moja lori lilimpita karibu mno, akarukia mtaroni na kuvunjika mkono.

Nilipiga simu ofisi ya diwani wetu nikitarajia kuambiwa niandike barua. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe: mwanamke mwenye mvi, mtoto wa wahamiaji kutoka Meksiko, diwani tangu kabla sijafika Marekani. Alimshika mama mkono ule mzima, wakaitembea barabara yote. Mama akisema Kiswahili, yeye akijibu Kihispania, na hakuna aliyeniomba nitafsiri.

"Njooni mseme barazani," akaniambia wakati wa kuaga. "Mimi wameshanizoea."

Siku ya kikao mama alisimama mbele ya kipaza sauti, mkono bado una plasta, nami kando yake nikimtafsiria. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Kengele ililia tukiwa hatujafika hata kwenye lile lori. Mama akaanza kuondoka kwenye kipaza sauti, akidhani amekosea.

"Bwana Meya," diwani akasema, "mama yangu alifagia jengo hili miaka mingi, na hakuwahi kusema neno humu kwa kuwa hakujua Kiingereza. Naomba dakika za mkalimani zisihesabiwe."

Sauti ilimtetemeka. Sikutegemea hilo kwa mtu aliyekikalia kiti kile miaka yote hiyo.

Mama alimaliza maneno yake. Hata hivyo, kura za kujenga njia ya waendao kwa miguu hazikutosha. Mwaka uliofuata pia hazikutosha. Kila mara diwani alinipigia simu mwenyewe kunipa habari mbaya, kisha akauliza, "Mkono wa mama je?" Mwaka wa tatu wakapitisha.

Katika kikao chake cha mwisho kabla ya kustaafu, tulimpelekea mahamri. Wakubwa walimsifu kwa maktaba na mabomba ya maji. Zamu yetu ilipofika, mama alimkumbatia, akanigeukia: "Mwambie, mwanangu, amechoka. Sasa akapumzike."

Nilipomfasiria, alicheka, kisha akalia, hamri mkononi.

Siku hizi huja kwetu kila Jumatano kujifunza kuyapika. Unga wake bado hauumuki vizuri, na mama humgombeza bila haya.