Mstari wa Mchicha Mwekundu

Mtaani walimwita Bibi Povu, maana tangu ujana wake alikuwa dobi na mikono yake haikujua kukauka. Lakini ukimtajia mchicha, nguo zako zitasubiri. Nyuma ya mabeseni alikuwa na kitalu chembamba cha mchicha mwekundu, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Hakuna jirani mwingine aliyekuwa nayo.

"Jani hili lina madini ya chuma, ndiyo yanayojenga damu," alimwambia mke wa mwanawe, aliyehamia pale akiwa mjamzito. "Lisikae motoni likachoka. Na limau usisahau, linausaidia mwili kuyapokea."

"Mama, sasa mtoto si atazaliwa mwekundu?"

"Akizaliwa na njaa kama yako, rangi haina kazi."

Kila msimu Bibi Povu aliacha shina moja bila kulichuma, lizae mbegu. Safari hii lilimpita kimo, majani yakachakaa, kichwa kikajaa mbegu ndogo kama chembe za mchanga. Jua kali lilikuwa limemaliza mengine yote. Lilikuwa limebaki hilo tu, na mkwe hakuambiwa kwamba ni la mbegu.

Siku moja Bibi Povu alipopeleka nguo za watu, mkwe akaamua kumfurahisha. Akafagia ua, akang'oa lile shina akidhani ni gugu kavu, akalikokota hadi getini. Gari la taka likalibeba.

Bibi Povu aliporudi, alikuta shimo mahali pa shina lake la mbegu. Mkwe alipoelezwa, alilia mpaka kwikwi.

"Nimeimaliza mbegu ya mama yako!"

"Kula kwanza, mwanangu," Bibi Povu alisema, akimsogezea sahani.

Kisha mvua ikanyesha, na asubuhi moja mkwe akapiga ukelele. "Mama! Njoo!"

Kutoka kwenye shimo ulianza mstari mwekundu. Ulipita chini ya kamba ya nguo, ukalizunguka beseni kubwa palepale mkwe alipolizunguka akikokota shina, ukaenda mpaka getini. Miche isiyohesabika, kila mmoja na vijani viwili vidogo kuliko punje ya mchele.

Bibi Povu alipiga magoti kwenye tope.

"Yaani mbegu zote hizi zilikuwa kwenye kichwa kimoja?" mkwe alinong'ona.

"Kimoja. Na nyingine zimeondoka na gari."

Tangu hapo wateja walifuata nguo zao kwa kuuruka mstari huo. Aliyenuna alijibiwa na mkwe mwenyewe, tumbo mbele: "Inua mguu, shemeji, unakanyaga chakula cha mwanangu."