Mashua Isiyolazwa Majini

Nitakayoyaandika hapa niliyaona kwa macho yangu Kilwa, ufukoni mwa ziwa Mweru, kabla mama hajatuhamishia mjini Élisabethville. Niliyoyasikia baadaye nitayataja mara moja tu, tena kwa kuyatenga, kwani sikio ni mlango usio na komeo.

Ninyi wa rika langu mliokulia katika kambi za wafanyakazi mnawakumbuka samaki wa Kilwa: walifika mjini wakavu, vikapuni, harufu ikiitangulia kamio, lori lililowabeba. Sisi tuliwala wabichi, kwa bukari, ugali wetu, moto, tukitoka shule ya mapadri na chaki vidoleni. Jioni tulisuka vimashua vya matete tukavishindanisha. Mjukuu wangu wa leo hushindana kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu, na akishindwa huulaumu umeme.

Baba alikuwa fundi wa mashua. Mji ule uliishi kwa nyavu na mbao, na mafundi wake walikuwa na desturi moja kali: mashua mpya haikukabidhiwa kabla fundi hajaipanda pamoja na nyumba yake yote, mke na watoto, hadi mwisho wa matete na kurudi. Kabla ya hapo ililazwa siku kadhaa kwenye maji ya kina kifupi, imejazwa mawe, ili mbao zivimbe na kuziba mianya. Waliita kuinywesha.

Kiangazi kimoja mchuuzi wa samaki kutoka Élisabethville aliijia mashua yake siku ileile baba alipomaliza kuipiga kalafati, kuziba maungio yake kwa lami. Alipoambiwa asubiri, alicheka mbele ya watu.

«Fundi, bwato yako inaogopa mayi? Basi uza mikeka!»

Ufuko mzima ulicheka. Baba alituita papo hapo. Mama alikuja akimshika mkono dada yangu Anyesi, akasimama ukingoni mwa maji.

«Baba Anyesi, haiyakunywa.»

«Itakunywa njiani. Panda, mama.»

Alipanda. Mke aliyebaki nchi kavu alihesabiwa ametangaza kwamba kazi ya mumewe ni mbovu.

Tulipoyapita matete, nyayo zangu zilipoa. Maji yalikuwa yakiingia kati ya mbao polepole, bila kububujika, na ukimya wake ndio ulionitisha. Mama alinisukumia sufuria. Nilichota, Anyesi akachota kwa viganja, na maji yakazidi. Upepo ulitusukuma mbali na pwani. Katika matete yale walikaa mamba. Huo si uvumi, nilikuwa nimewaona mara nyingi wakiota jua. Ukingo wa mashua ukabaki juu ya ziwa kwa upana wa kiganja.

Baba alimpa mama kasia.

«Uzito ni mimi,» alisema, akashuka majini, akashika ukingo wa nyuma na kutusukuma kwa miguu. «Usiniangalie, Mama Anyesi. Angalia pwani.»

Mashua iliinuka kidogo. Tukaanza kurudi.

Leo vijana hupanda chombo chochote bila kuuliza kimeundwa na nani, na fundi mwenyewe hubaki nchi kavu akipunga mkono. Enzi zetu fundi aliiweka nyumba yake rehani kwa kazi yake. Nimezeeka, na bado sijui kama niiite desturi ile heshima au ukatili. Najua tu kwamba kila nivukapo maji hutazama kwanza miguuni.

Kilwa ilisema mengi juu ya baba: kwamba ni mamba, kwamba ni moyo, hata kwamba alionekana ng'ambo, upande wa Rhodesia, akiwa na mke mwingine. Hakuna hata mmoja wa wasemaji hao aliyekuwa ndani ya mashua. Mimi nilikuwemo. Niliiona mikono yake miwili juu ya ukingo, vidole vikiwa na madoa ya lami. Nikainama kuchota. Nilipoinuka kumwaga, ukingo ulikuwa wazi, na mama, kama alivyoagizwa, alikuwa akiangalia pwani.