Madebe Mawili ya Samli

Nistirini, wasomaji. Kazi yangu ni kupaka grisi vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya kubwa za umeme. Hapa Mombasa chumvi ya bahari huvishika, na mvua ikinyesha umeme hupita juu yake. Grisi yetu nyeupe huizuia chumvi, wala haiyeyuki kwa jua lolote.

Grisi hiyo naiweka kwenye debe kuukuu la samli. Ijumaa mamangu akanipa debe la samli nimpelekee shangazi Mji wa Kale, kwenye arusi. Nikapitia kazini, nikayaweka yote mawili mezani. Nilikuwa na mafua, pua zimeziba. Nikapaka vikombe vyote, kisha nikapeleka debe la pili kwa shangazi.

Kesho yake mhandisi alikuja uani kuvikagua. Nikajipiga kifua: "Kazi ya fundi hiyo, bwana!"

Akainama. Vikombe vilikuwa vyachuruzika juani, sisimizi wamevijaa. Akanusa kidole.

"Fundi, hii ni samli."

Kabla sijajibu, simu ikalia. Alikuwa shangazi.

"Mwanangu, wageni wameshakaa, sufuria iko motoni tangu asubuhi. Mbona samli yako haiyeyuki?"