Kumwosha Baba Mkwe

Kwenye ukuta wa ofisi ya msimamizi palitundikwa karatasi ya kanuni, imepigwa chapa kwa Kiingereza juu na Kiswahili chini. Niliijua kwa moyo, maana ndimi niliyeifuta vumbi kila Jumamosi. Ilisema kila mkazi wa nyumba hii ataoshwa kila siku, atapewa uji asubuhi na chakula cha moto mchana na jioni, atakuwa na mablanketi mawili, na yule asiyeweza kuinuka atageuzwa asubuhi, mchana na jioni ili asiote vidonda. Chini kabisa iliandikwa kwamba kutotimiza haya ni kuvunja sheria. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesoma misheni mpaka darasa la nne, na niliamini kwamba jambo likishapigwa chapa na kutiwa muhuri limekwisha kutendeka. Huo ulikuwa ujinga wangu wa kwanza.

Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya mji wa Mbeya, upande wa njia ya kwenda Chunya. Ilijengwa kwa ajili ya wazee ambao migodi ya dhahabu ya Lupa iliwachukua wakiwa vijana na kuwatema wakiwa vifua vibovu, hawana kwao wala hawakumbukwi. Miaka ile ya hamsini walikuwa wengi. Palikuwa na majengo mawili marefu ya matofali, moja la wanaume na moja la wanawake, na kati yake jiko. Wahudumu tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa na wanawake. Wanaume walikuwa na mhudumu wao, Msafwa mmoja mtu mzima aliyewahi kuwa askari vitani Burma, mpole, mwenye mikono mikubwa. Msimamizi alikuwa amehamishwa kwetu kutoka Iringa mjini, kijana wa suruali zilizonyooshwa, anayependa kusema neno "taratibu".

Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe. Mume wangu alikuwa ameandikishwa migodini kusini, barua moja kwa mwaka ikibahatika. Nilitafuta kazi ili nisikae kwa wakwe nikingoja kama jungu lililoinjikwa pasipo moto.

Lazima nieleze jambo la wakwe, la sivyo hamtanielewa. Kwetu mke hamwoni baba wa mumewe. Sisemi hamzoei, hamwoni. Akimwona anakuja njiani anaingia vichakani na kumpa mgongo hadi apite. Hawakai chini ya paa moja. Hasemi naye, wala jina lake halitaji mpaka anakwenda kaburini. Chakula chake anakipika kwa bidii zote, kisha anampa mtu mwingine ampelekee. Wamisheni walituambia ni upuuzi wa kale, nasi tukaitikia "ndiyo" kanisani na kuingia vichakani tukitoka. Baba mkwe wangu nilijua sauti yake tu, nyuma ya ukuta wa mianzi, siku chache za arusi yangu. Baada ya hapo alirudi zake Lupa, na wanawe wakaacha kumuulizia.

Siku alipoletwa na gari la serikali nilikuwa naandika vibao vya vitanda, kwa kuwa Msafwa hakujua kusoma. Nikapewa fomu. Nikaona jina, nikaona kijiji. Nikaiweka fomu chini na kutoka mbio mpaka nyuma ya jiko. Msafwa akanifuata.

"Nini, dada?"

"Yule mliyemshusha ni baba wa mume wangu."

Hakucheka. Aliwajua watu wetu. "Basi wewe usije kabisa upande wetu," alisema. "Huyu ni wangu. Nitamtunza kama baba yangu mwenyewe."

Na alimtunza. Mzee alikuwa amepooza upande mmoja, hawezi kuinuka wala kujigeuza. Msafwa alimwosha, akamgeuza, akamlisha, nami nikawa napika uji wake kwa sufuria ya peke yake. Nilituma habari kwa shemeji zangu Rungwe kupitia mwanamke muuza ndizi wa soko la Mwanjelwa. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili: si yuko mikononi mwa serikali? Basi serikali imtunze. Nilikasirika, lakini sikushangaa.

Kisha ikaja habari kwamba bwana shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kukagua. Msimamizi akakimbilia ile karatasi ukutani, akahesabu mablanketi, akakuta kila mzee ana moja, tena limetoboka. Siku ile ile akamtuma Msafwa aende na lori hadi Iringa kuchukua mablanketi kwenye bohari. Ilikuwa katikati ya masika. Nilimfuata ofisini.

"Bwana, na wanaume watabaki na nani?"

"Na wewe. Ni siku nne tu."

"Siwezi kuingia mle. Mzee wa kitanda cha mwisho ni mkwe wangu."

"Jina lake nani?"

Nikanyamaza. Akanitazama, kisha akacheka.

"Hata jina? Sikiliza, mama. Kanuni inasema mhudumu. Haisemi mkwe wala shemeji. Heshima gani hiyo ya kumwacha mzee amelowa?"

"Basi uniazime mtu. Hata mpishi."

"Mpishi ni mpishi. Tufuate taratibu."

Swali lake la heshima lilikuwa la haki, na limenichoma miaka yote hii. Lakini naye alikuwa na mikono miwili mizima, hana mkwe mle ndani, na kutoka ofisini mpaka kile kitanda hazikuzidi hatua hamsini. Hakuzitembea hata mara moja.

Nikatafuta njia yangu. Wazee waliojiweza niliwaita barazani, nikawaosha pale pale kwenye jua, wengine wakiwaegemea wenzao. Aliyebaki ndani alikuwa mmoja. Kati ya wazee alikuwamo kipofu, baruti ya mgodini ilikuwa imemla macho, lakini miguu yake ilikuwa mizima na aliijua nyumba ile kwa kupapasa. Nikampa bakuli la uji ampelekee mwenzake. Nikampa na ndoo, kitambaa na sabuni, nikamwambia, "Babu, mwoshe na unigeuzie."

"Nitajaribu, mama. Na mimi ni mzee."

Alikuwa akimfuta uso, mikono na kifua. Kumgeuza hakuweza. Nilijua kwamba hawezi. Nilimuuliza kila siku, "Umemgeuza?" naye akajibu, "Kidogo," nami nikalikubali hilo neno "kidogo" kwa sababu lilinifaa. Tena niseme kweli yote: nilijiona mkamwana bora. Napika, natuma chakula kwa mkono wa mwingine, nampa mgongo, kila kitu kama mama yangu alivyonifunza. Niliimba nikikoroga ule uji.

Kulikuwa na daftari la zamu. Kila jioni mhudumu alitia sahihi, au dole gumba kama Msafwa, mbele ya jina la kila mkazi, kwamba ameoshwa, ameshiba, amegeuzwa. Msimamizi alinisukumia daftari na kalamu. Nikatia sahihi majina yote, na la kitanda cha mwisho nikalitia pia. Nilijiambia kwamba ameoshwa kwa amri yangu, kwa hiyo nimemwosha mimi.

Siku nne zikapita. Dereva mmoja aliyetoka Iringa akaleta salamu: lori letu limelala Ipogolo, chini ya kilima cha mji wa Iringa, matope yamekataa kulipandisha kilima, na mvua haijakata. Mablanketi yalikuwa juu mjini, sisi huku, na Msafwa katikati. Nilirudi tena kwa msimamizi. Alikuwa anapaka chokaa mawe ya njiani, yeye mwenyewe kwa mikono yake, ili bwana shauri ayaone meupe. Mikono ile ile. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Si unatia sahihi kila siku kwamba ameoshwa? Sasa shida iko wapi?"

Alikuwa amenibana kwa kalamu yangu mwenyewe.

Siku ya kumi na moja asubuhi, kipofu alirudisha bakuli la uji likiwa limejaa. Akalishika, hakunipa.

"Mama, mimi macho sina, lakini pua ninayo. Mwenzangu ananuka nyama."

Nilikwenda jikoni nikachemsha maji. Nilichukua beseni, sabuni, na khanga yangu safi ya kanisani niipasue vitambaa. Nyingine nikajifunika kichwa na uso. Kisha nikaingia katika nyumba ile kinyumenyume, kisigino kikitafuta njia, nikihesabu vitanda kwa kugusa. Mtu wa leo atacheka. Mimi moyo ulikuwa unanipasuka. Nilikuwa na hakika kwamba atanifukuza, kwamba atanilaani, kwamba tumbo langu halitazaa kwa ajili ya hatua zile.

Nilifika. Huwezi kumgeuza mtu ukiwa umempa mgongo. Nikageuka, nikaitoa khanga usoni kwa kuwa niliona giza. Hivyo ndivyo nilivyomwona baba wa mume wangu kwa mara ya kwanza. Uso ulikuwa ule ule wa mume wangu, umekauka tu. Nilimshika bega na nyonga, nikamgeuza. Shuka ilikuja pamoja na ngozi. Kwenye nyonga na chini ya mgongo palikuwa na mashimo. Moja lilimeza kidole changu chote, na ndani kabisa niliona mfupa. Hakulia. Nadhani alikuwa amekwisha kulia.

Nilianza kumwosha. Nilikuwa nalia mimi, machozi yanaingia kwenye beseni. Nikangoja anifukuze. Akafungua macho, akanitazama sawasawa, akasema kwa lugha yetu, polepole kwa ule mdomo uliopooza:

"Mama, mbona umechelewa?"

Nikakamua kitambaa, nikaendelea kumwosha.

"Yule Msafwa aliniambia uko hapa. Nilikuwa nasikia sauti yako barazani kila siku. Nikasema, leo atakuja."

Ndivyo alivyosema. Siku kumi nilikuwa nimemhifadhia heshima yake nje ya mlango, na yeye ndani alikuwa ananingojea mimi. Alikuwa ameshaiacha ile mila, labda zamani kule Lupa, labda usiku wa kwanza alipolowa na asije mtu. Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuuliza, maana kuuliza kwenyewe ni kusema naye.

Nilimwosha siku ile, na ya pili, na ya tatu. Nilimgeuza asubuhi, mchana na jioni, kama kanuni isemavyo. Aliniuliza habari za mwanawe, nikamwambia hajambo, anaandika kila mwezi. Siku ya tatu jioni homa ilimchukua, na alfajiri alikuwa amekwisha kufa. Lori lilifika mchana. Msafwa aliruka chini, akaingia ndani, akatoka, akaketi juu ya robota la mablanketi mapya akishika kichwa. Hakuniuliza kitu. Heri angenipiga.

Bwana shauri alikuja wiki hiyo. Akayasifu mawe meupe. Akahesabu mablanketi, mawili kwa kila mzee, akapiga alama kwenye karatasi yake. Alipofika kitanda kitupu akauliza, na msimamizi akalifungua daftari tayari, kidole chini ya sahihi zangu.

"Huyu aliyekufa, wewe ndiye uliyemtunza?" bwana shauri aliniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Ndiyo, bwana."

"Alioshwa kila siku? Aligeuzwa?"

"Kila siku, bwana."

Akapiga alama nyingine. Msimamizi alipandishwa cheo mwaka uliofuata, akahamia ofisi kubwa zaidi.

Mume wangu alirudi baada ya mwaka na nusu. Shemeji zangu, wale wale waliosema serikali imtunze, walifanya karamu ya kumlilia baba yao, wakatuita Rungwe. Habari za nyumba ya wazee zilikuwa zimewafikia nusu, kupitia kwa muuza ndizi: kwamba mkamwana yuko pale pale, anapika kwa mikono yake, anampa kipofu apeleke, na mvua inyeshe jua liwake hajakanyaga kizingiti cha mkwe wake. Mwanamke gani wa siku hizi, mwenye kusoma tena, angeweza hivyo? Mama mkwe alisimama mbele ya watu wote akanitaja kwa mfano. Wanawake wakapiga vigelegele. Mume wangu macho yalimjaa machozi. Akasema, "Umemheshimu baba yangu hadi mwisho," na mbele ya ukoo mzima akanikabidhi kitambaa kizuri alichokuwa amekileta kutoka kusini.

Nilipiga magoti, nikakipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.