Kioo Cheusi cha Dada Zuhura

Chumba cha dada yangu Zuhura kilinuka udi na plastiki iliyopata moto. Udi ulitoka kwenye nguo zake, maana hakwenda shughuli ya wanawake akarudi bila kufukizwa. Plastiki ilikuwa kompyuta yake, ambayo ikishinda inatengeneza video ilichemka kama bati la saa saba mchana. Tulikaa Pongwe, kwenye nyumba ambayo vumbi jeupe la chokaa liliingia hata madirisha yakifungwa, na Zuhura aliifunika mashine ile kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nilikuwa darasa la tano, mtoto wa kike wa kuogopa kila kitu, na likizo ile niliimaliza juu ya mkeka, miguuni pake, nikiisikiliza feni ya kompyuta kama mtu anavyosikiliza pumzi za mgonjwa.

Kazi yake iliwahusu wanawake peke yao. Harusi zetu zina upande wa nje, wa ndoa na picha za wanaume, na zina ndani, ambako bibi harusi hupambwa na wanawake wakacheza vichwa wazi, khanga zimekazwa viunoni, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia. Huko ndani ndiko Zuhura alikoingia na kamera. Kabla hajaiwasha aliapa mbele ya mama mwenye shughuli kwamba hakuna mwanamume atakayekaa mbele ya mashine yenye picha zile, awe fundi, awe ndugu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, alikuwa akisema, na kwa neno hilo wanawake wakamwamini, kutoka Tanga mjini mpaka Mwera.

Kisha ikaja shughuli ya Rukia. Rukia aliolewa na kijana anayefanya kazi Maskati, na baada ya harusi alikuwa amfuate. Mama yake, Bi Mwanaidi, alikuwa na ugonjwa wa miguu wa siku nyingi, wa kushikwa mkono hata kwenda uani. Lakini siku ile, vigelegele vilipopanda, aliitupa fimbo yake akaingia uwanjani akacheza, mpaka wanawake wakawa wanalia huku wanampigia makofi. Zuhura aliinasa yote. Rukia hakutaka zawadi nyingine ya kuondokea. Alitaka amchukue mama yake anayecheza. Zuhura akahamishia picha kwenye kompyuta na kuifuta kamera ili iwe tayari kwa shughuli nyingine, kama alivyozoea. Mashine ikawa inakwama kila hatua, na safari ya Rukia inakaribia, basi akanunua kadi mpya ya picha, ile inayoisaidia kompyuta kupeleka picha kwenye kioo. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Aliichomeka mwenyewe kwa bisibisi ya cherehani ya Mama, akabonyeza. Feni zikazunguka, taa ya kijani ikawaka, na kioo kikabaki cheusi.

Akaitoa kadi, akarudisha waya wa kioo pale pa zamani. Cheusi. Akachomoa ram, vile vibao vidogo vya kumbukumbu, akazisugua kwa raba yangu ya kufutia, kwani tulisikia mafundi hufanya hivyo. Cheusi. Mimi nilikuwa nawaza tu. Pengine ni vumbi, pengine jasho la vidole, pengine jicho la mtu, pengine ni mimi niliyepumua karibu mno kifuniko kikiwa wazi. Kila wazo lilizaa jingine, na hakuna lililozaa mwanga.

Mwishowe Mama akamwita Fundi Shabani, mwenye duka la vifaa Ngamiani. Alifika asubuhi, akasimama barazani, nje ya pazia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Kaa hapo hapo kwenye kiti, usije ukajizoesha.”

“Sijizoeshi. Zuhura, feni inazunguka?”

“Inazunguka,” dada akajibu kutoka ndani.

“Kioo kinasemaje?”

“Kingesema, tungekuita?”

Fundi akacheka. Akaendelea kuuliza, na Zuhura akaendelea kujibu, huku mimi nikichungulia upenyo wa pazia na kuuona mguu wa fundi ukitikisika kwa kukosa subira. Hatimaye akasema, “Mimi naona boksi la umeme humo ndani ya mashine limezidiwa na hiyo kadi. Nipeni mashine niipeleke dukani, nijaribu na boksi jingine.”

“Dukani kwako kumejaa vijana wa soga, Shabani.”

“Dada yangu, kioo chenyewe cheusi. Hao wake za watu nitawaona wapi?”

“Na kikiwaka?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwanga tuliouomba ndio huo huo tuliouogopa.

“Basi mlete mkeo,” Mama akasema.

“Mke wangu, mama? Yule hata rimoti huniita nije nimbonyezee.”

Tulicheka wote, pande zote mbili za pazia. Sikumbuki kama tulicheka tena likizo ile.

Rukia alikuja kuaga akiwa na hina mikononi bado mbichi kwa wekundu. Zuhura alimweleza bila kuficha: kioo kimekataa, fundi anaitaka mashine, na yeye amekataa kuitoa. Nadhani alitarajia Rukia amwambie, itoe tu, nakusamehe kiapo. Rukia hakusema. Kiapo hakikuwa chake peke yake. Kilikuwa cha wanawake wote waliomo kwenye video ile. Aliinama, akaweka kiganja juu ya ile kompyuta.

“Kwa hiyo mama yumo humu?”

“Yumo.”

Akaondoka. Baadaye wapo waliosema Zuhura ameiuza video ile, na hadithi ya kioo ni ya kutungwa. Hakushika kamera tena.

Leo nina shahada ya kompyuta na sina kazi, kwa hiyo nina muda mwingi wa kuyarudia haya. Sasa najua kwamba picha zilikuwa salama siku zile zote. Diski inayohifadhi picha huchomolewa kwa kufungua skrubu chache ikachomekwa kwenye mashine nyingine; ilihitajika mwanamke mmoja tu mwenye kujua. Nilipojua mimi, vumbi na hewa ya chumvi vilikwisha kuila diski ile. Inagonga ndani kama ukucha juu ya bati, kisha inanyamaza. Bi Mwanaidi amefariki. Rukia hunipigia kila Idi kutoka Maskati, na baada ya salamu huuliza, “Bado tu, mdogo wangu?” Mimi humjibu bado, kwa sababu sijui kusema kamwe.

Siku hizi ndani kwenye shughuli kila mkono una simu. Majuzi kabla sijafika nyumbani, binamu yangu wa kiume alishanitumia video ya bibi harusi niliyetoka kumpamba, kichwa wazi, na yeye hamjui hata jina. Mama za watu wote sasa wanacheza kwenye simu za watu wote. Mama yake Rukia peke yake ndiye aliyehifadhiwa, na amehifadhiwa hata mwanawe hawezi kumwona.