Juisi ya Karela, Sabato ya Kuoshana Miguu

Juzi nilikuwa sokoni Oyugis, rafiki yangu, nikamkuta mama mmoja amepanga karela, ile mboga chungu, juu ya gunia, kijani, zina vinundu kama mgongo wa mamba. Akaniambia ni dawa ya sukari. Nilicheka, kisha aibu ikanipanda hadi masikioni, nikaondoka bila kununua hata kitunguu.

Kwetu, kando ya ziwa huku Homa Bay, karela ilijiotea yenyewe juu ya ua wa nyanya yangu, ambaye watu wote walimwita dani. Uchungu wake usiuulize. Mbuzi wetu, aliyekwisha kula kofia ya babu na nusu ya kamba ya nguo, alionja jani moja akashinda kutwa ameuangalia ukuta. Lakini nyanya alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kila asubuhi alitwanga karela, akakamua, akanywa bila kukunja uso. Zahanati ilipompa tembe, akameza tembe na kuteremshia kwa karela. Alisema majembe mawili humaliza shamba mapema.

Nyanya alikuwa shemasi. Katika kanisa letu la Sabato, kabla ya meza ya Bwana waumini huoshana miguu, na mbeba mabeseni alikuwa yeye. Kazi hiyo aliipenda kuliko sisi wajukuu. Taulo zile alizifua mpaka yangeyange weupe wa ziwani wakaonekana wachafu. Siku ya kuoshana miguu hakuwa akila chochote asubuhi. Aliona si heshima kuhudumu na tumbo lililojaa chai na mihogo. Dawa zake, zote mbili, alizinywa.

Basi Sabato moja nikamwona anaingia na beseni, jasho linamtiririka, miguu inakwenda upande upande. Maji yote yakammwagikia jirani yetu, kiongozi wa akina mama, ndani ya gauni jipya. Nyanya akataka kuomba msamaha, ulimi ukamkatalia. Jirani akajikung'uta, akasema polepole ili mtu yeyote asikose kusikia, "Dani, leo umepitia kwa nani?"

Kijijini kwetu swali hilo ni la mtu aliyetoka kwa wapika pombe ya chang'aa.

Nyanya akajishikilia kwenye benchi, akamgeukia mzee wa kanisa. "Mzee, ninuse mdomo."

Mzee akaangalia mabati. Hakuna aliyemnusa. Mimi niliomba ardhi ya Homa Bay yote ipasuke inimeze, na kama ina shughuli nyingine, basi paa linidondokee.

Mke wa mchungaji akamhurumia, akamnywesha maji ya zabibu ya meza ya Bwana, matamu kupita kiasi. Nyimbo mbili hazijaisha, nyanya akakaa wima, akatutambua. Hapo ndipo alipomalizwa. Kanisa zima likaitikia amina: kikombe cha Bwana kimemtoa ulevi!

Beseni hakulishika tena. Alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, hadi tulipomzika. Jioni ya Sabato ile, nyumbani, aliniita mimi nimnuse. Alinuka karela tupu. Akaniambia asante, kama mtu aliyepewa ng'ombe.

Nilipoingia shule ya jioni, nina ndevu kumzidi mwalimu, tulifundishwa kwamba ndani ya karela mna kemikali zinazoshusha sukari ya damu, moja ikifanana na insulini. Ichanganye na tembe, tumbo tupu, na mtu hutoka jasho, hupepesuka, maneno humpotea. Kitu kitamu humrudisha upesi. Nilifunga daftari, nikainamisha kichwa.

Likizo ilipofika nikaenda kwa jirani yule, sasa ajuza, nikamweleza yote. Akanimiminia chai.

"Kumbe sukari," akasema. "Mbona hakusema, mwanangu?"

"Alisema, mama. Aliomba anuswe."

Ua ule sasa ni ukuta wa mawe. Kanisa la mabati lilibomolewa, mzee na mchungaji walishazikwa. Tunaoikumbuka Sabato ile tumebaki wawili, na tulikaa pale chai ikipoa, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.