Kilima cha Ngazi Mia

Mwelezaji wa ukumbi wa uwekezaji wa jiji la Chongqing, China, hufika mapema akafuta vumbi kwenye maghorofa ya plastiki ya mfano mdogo wa jiji, kwa brashi yake ya poda. Wageni wakiingia, yeye huvaa glovu nyeupe, hukohoa kidogo, na sauti yake hulainika kama tangazo la redio. Kitone cha kijani cha taa yake ya kuonyeshea hutambaa taratibu bandarini, viwandani, kwenye madaraja. Kikifika mtaa wa Ngazi Mia, alikozaliwa, hukimbia. Kwenye mfano ule, Ngazi Mia ni kilima kitupu.

Leo mwekezaji mmoja aliuliza, “Na hapa pana watu?”

“Hapana mtu, mheshimiwa. Panawasubiri nyie.”

Nyuma yao Bi Kuang, msafishaji, jirani wa mama wa mwelezaji ukuta kwa ukuta huko Ngazi Mia, akaacha kupiga deki. Mwelezaji alihisi masikio yakimchoma. Wageni walipokwenda kunywa chai, Bi Kuang akamsogelea.

“Mwanangu, mama yako kasema jioni upitie tambi zako. Pilipili kakuzidishia. Nimwambie utakuja?”

Mwelezaji akashika brashi, akakiinamia kilima, akawa anafuta vumbi lisilokuwepo.